Siku tano hadi mwisho wa reli: fainali ya Kombe la Shirikisho, Kigoma 2021

Kutoka jengo la Simba pale Msimbazi hadi jengo la Yanga pale Jangwani ni mwendo wa miguu ndani ya Kariakoo ileile. Tarehe 25 Julai 2021 watani hao walikutana kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, lile ambalo mitaani wengi wanaliita Kombe la FA, kilomita 1,250 hivi kutoka nyumbani kwao: Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma.

Wapo waliolalamika kwamba ni mbali mno. Hawakuwa na hoja. Kombe hili liliporudi msimu wa 2015/16, fainali ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam. Baada ya hapo likaanza kutembea: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020. Ligi huwapitia wenye timu za Ligi Kuu peke yao, na Kigoma msimu ule haikuwa nayo. Fainali ndiyo pekee inayoweza kubebwa ikapelekwa kwa watu ambao mwaka mzima wanaisikia Simba na Yanga redioni. Kwa hiyo safari hii ina haki yake. Kinachotakiwa ni kuipigia hesabu sawasawa, kwa sababu mechi ya mtoano hairudiwi. Ukikosa kipindi cha kwanza, umekosa.

Yanayofuata ni hesabu ya siku tano kwa barabara, kwa kundi la watu 25 hivi ndani ya Coaster ya kukodi.

Alhamisi, 22 Julai. Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450

Hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Mechi ni Jumapili. Jumamosi jioni lazima uwe umeoga na umekula Kigoma. Mwaka ule mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kukesha barabarani, kwa hiyo hata basi la kawaida la Kigoma lilikuwa na usiku mmoja wa kulala njiani. Anayepanga kuondoka Ijumaa na kuunganisha moja kwa moja anajidanganya: pancha moja tu na hesabu yote imekufa.

Kabla ya kutoka, kibali. Coaster yenye leseni ya njia ya mjini haitakiwi kuvuka mkoa bila kibali cha muda cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na trafiki wa kwanza baada ya Kibaha anaweza kukuuliza. Anayekodi gari akione kibali kwa macho yake, asiambiwe tu kwamba "kipo kwa dereva". Pili ni dizeli. Coaster iliyojaa watu na mizigo ikipewa kilomita sita au saba kwa lita, kwenda peke yake ni lita 180 hadi 210. Mchango wa abiria ukusanywe kwa hesabu ya kwenda na kurudi tangu siku ya kwanza. Wanaoacha fedha ya kurudi "tutachangishana kulekule" hupata taabu, hasa timu yao ikifungwa, maana hapo mfuko wa mtu huwa mzito kufunguka.

Tatu ni tairi. Spea mbili, si moja. Jeki inayofikia ekseli ya nyuma gari likiwa limejaa, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu pembeni ya barabara za udongo ardhi ni laini na jeki huzama.

Kutoka Mbezi saa 12 asubuhi, Chalinze unafika kabla jua halijawa kali, Morogoro kwa kifungua kinywa. Hadi hapo adui ni foleni ya malori. Baada ya Morogoro ni Dumila, kisha kupanda kwenda Gairo, halafu Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi. Vibao vya 50 viko kila kijiji na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, hukaa palepale kibao kinapoishia, si pale kinapoanzia. Dereva mgeni huongeza mwendo akiona nyumba zimepungua, kabla hajakiona kibao cha kuruhusu. Faini ni shilingi 30,000, na kibaya zaidi ni nusu saa ya kusimama.

Kulala Dodoma. Hapa ndipo Simba walipobeba kombe hili mwaka 2017, Uwanja wa Jamhuri, dhidi ya Mbao FC ya Mwanza, mabao 2-1 baada ya dakika 120. Mbao walikuwa wageni kabisa wa Ligi Kuu msimu ule, na walikaribia kulitwaa. Ndiyo raha ya mtoano.

Ijumaa, 23 Julai. Dodoma hadi Tabora, kilomita 385 hivi

Ondoka saa 12. Bahi kuna mashamba ya mpunga, barabara ni tambarare, abiria wanasinzia. Mbele ya Kintinku unaona ukuta wa mlima umekaa mbele yako: ni ukingo wa Bonde la Ufa. Reli nayo inaupanda ukingo huuhuu, kuelekea Saranda. Gari lililojaa lipande kwa gia ya chini tangu mwanzo wa mlima. Anayeng'ang'ania gia kubwa hadi gari lianze kukohoa ndiye anayechemsha injini. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, simama mahali pa wazi, acha injini iungurume taratibu kwa dakika chache ndipo uzime. Mfuniko wa rejeta usiguswe kabla haujapoa: maji yale yana mgandamizo na huunguza uso. Kila mwaka kuna utingo anayesahau hilo.

Manyoni ni mahali pa kuamua. Kulia unaweza kwenda Singida, Nzega, halafu ushuke Tabora: ni mbali zaidi, lakini vituo vya mafuta viko karibu karibu. Kushoto ni Itigi na msitu. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85, ndicho kilichokuwa cha mwisho kupata lami kati ya Manyoni na Tabora, na kwa kwenda Kigoma ndiyo njia ya kuchukua. Masharti yake ni mawili. Jaza tangi Manyoni au Itigi, usiseme "mbele tutapata". Na vioo vifungwe panapokuwa na msitu mnene, kwa sababu ya mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na gari kwake ni nyati tu. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ndizo humvuta zaidi, jambo ambalo kwa bahati nzuri haliwagusi sana wenye jezi nyekundu wala wenye za njano.

Asali huuzwa njiani. Ni nzuri, lakini nunua wakati wa kurudi, maana chupa isiyofungwa vizuri itafuata mtikisiko wote wa kesho na kuishia kwenye begi la jirani.

Tabora usiku wa Julai ni baridi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dar aliyebeba jezi peke yake atatetemeka. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi uko hapa, na hapa ndipo Yanga walipopatia tiketi yao ya fainali mwezi mmoja kabla, kwa kuwafunga Biashara United ya Mara 1-0. Siku iliyofuata Simba waliwafunga Azam 1-0 Songea, Uwanja wa Majimaji, bao la Luis Miquissone. Nusu fainali mbili, ncha mbili za nchi. Lishike jina la Biashara United, litarudi.

Jumamosi, 24 Julai. Tabora hadi Kigoma, kilomita 410 hivi

Hii ndiyo siku yenyewe. Zile mbili za kwanza ni maandalizi.

Urambo na Kaliua ni nchi ya tumbaku, na lami iko. Baada ya Kaliua unaingia kwenye vipande ambavyo mwaka 2021 vilikuwa bado udongo au vikiwa chini ya mkandarasi: kimoja kabla ya Nguruka, kingine kati ya Malagarasi na Uvinza. Katikati yake kuna lami nzuri na Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi. Dereva asidanganywe na ile lami ya katikati akadhani shida imekwisha.

Julai ni kiangazi, kwa hiyo shida si tope, ni vumbi. Vumbi lina kanuni yake na watu wengi huikosea. Abiria wakiona vumbi hufunga vioo vya mbele na kuacha vya nyuma wazi ili wapumue. Hapo gari linageuka bomba la kufyonza: hewa iliyo nyuma ya gari, ambayo ndiyo yenye vumbi lote, inavutwa ndani. Fanya kinyume. Vioo vya nyuma vyote vifungwe, vya mbele viachwe wazi kwa upana wa vidole vinne, ili upepo safi uingie mbele na kusukuma nje. Lori likipishana nanyi, funga vyote, hesabu hadi ishirini, fungua tena vya mbele. Mizigo ya juu ifunikwe turubai, na jezi ya mechi iwe ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya begi. Vinginevyo Jumapili nyekundu na njano zote zitakuwa rangi moja ya udongo.

Injini nayo inapumua vumbi hilohilo. Kila mkisimama, fundi au dereva atoe ea klina, yaani chujio la hewa ya injini, aigonge taratibu kwenye tairi upande wa uso wake hadi vumbi lidondoke. Ikiwa kuna upepo wa pampu, upulizwe kutoka ndani kwenda nje, kamwe usipulizwe kutoka nje kwenda ndani, maana utalisukuma vumbi likwame kwenye karatasi. Kuiosha kwa maji ni kuiharibu. Dalili ya ea klina iliyoziba ni moshi mweusi na gari kukosa nguvu hata mahali pa tambarare.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho kimelaza watu porini kuliko kingine chochote. Coaster nyingi zina tairi nne nyuma, mbili mbili kila upande. Kwenye barabara ya kokoto, jiwe lenye ukubwa wa yai hunasa katikati ya zile mbili. Ukiwa ndani husikii kitu. Lile jiwe linazunguka na tairi, linasugua ubavu wa ndani, na baada ya kilomita thelathini tairi zote mbili zimekatwa kwa pamoja. Spea moja haiwezi kukuokoa hapo. Kwa hiyo kila mnaposimama, hata kama ni kwa ajili ya kuchimba dawa tu, mtu mmoja ainame na tochi ya simu na kuchungulia katikati ya tairi za nyuma. Jiwe likiwepo, ligongwe litoke kwa bomba la jeki. Ni kazi ya dakika mbili.

Uvinza ni mji wa chumvi, na ni mahali pazuri pa kunywa chai na kunyoosha miguu. Kutoka hapo, kupitia Kidahwe, ni mwendo mfupi. Ukifika Kigoma mapema utaona jambo ambalo mtu wa pwani hulishangaa: saa 12 na nusu jioni jua bado liko juu ya ziwa. Saa za ukutani ni zilezile nchi nzima, ila Kigoma iko magharibi sana, na jua huzama dakika 40 hivi baada ya Dar. Julai hii linazama baada ya saa 1 jioni.

Gesti hujaa siku kama hizi. Aliyefika bila kuweka nafasi aende upande wa Ujiji, asibaki kuzunguka karibu na stesheni. Chakula ni ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga au wa mchuzi wa mawese. Kwa tumbo ambalo halijazoea mawese, usiku wa kuamkia fainali si wakati wa kujifunza: kula wa kukaanga leo, wa mawese baada ya mechi.

Jumapili, 25 Julai. Fainali

Jua linalochelewa kuzama linachelewa pia kuchomoza. Saa 1 kasoro asubuhi bado kuna giza, na wenye kutegemea mwanga kuwaamsha hupitiwa. Weka kengele.

Jambo hili la jua si pambo. Fainali ya mtoano lazima itoe mshindi siku hiyohiyo: dakika 90, zikishindikana 30 za nyongeza, kisha penalti. Chukua mechi inayoanza saa 10 kamili. Pamoja na mapumziko na dakika za majeruhi, dakika 90 zinaisha kama saa 12 kasoro dakika 10. Nyongeza inafika saa 12 na nusu hivi. Penalti zinagonga saa 12 na dakika 40 au 45. Dar es Salaam, mwezi huu, muda huo jua limeshazama. Kigoma bado unaona nyavu vizuri.

Kuhusu kukaa: jua la jioni linatoka magharibi, kwa hiyo anayekaa upande wa mashariki analitazama usoni saa mbili nzima. Kofia yenye ukingo, si ya sufi yenye rangi za timu. Maji ya kutosha kabla ya kuingia, maana foleni ya geti kwa mechi ya watani huanza asubuhi. Vitu vya thamani viachwe gesti. Simu ivaliwe shingoni au iwe mfuko wa mbele. Na ukubaliane na wenzako mahali pa kukutania baada ya mechi, kitu kisichohama, kwa sababu mtandao huelemewa watu wote wanapopiga simu kwa wakati mmoja.

Sasa mpira. Yanga walikuja na kifua mbele. Tarehe 3 Julai waliwafunga Simba 1-0 kwenye ligi, bao la Zawadi Mauya. Simba walikuwa mabingwa wa ligi na watetezi wa kombe hili. Benchi la Yanga lilikuwa na Nasreddine Nabi, la Simba Didier Gomes. Kigoma haikuwa mji wa kufundishwa mpira: Juma Kaseja, kipa aliyezidakia timu zote mbili, ni wa hapa.

Mechi hii iliamuliwa na viungo wakabaji wawili, mmoja kwa kutoka na mwingine kwa kubaki. Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga, Mkongo aliyetoka AS Vita Club ya Kinshasa, alimpiga kiwiko John Bocco na kuoneshwa kadi nyekundu. Yanga wakabaki kumi, na aliyetoka ndiye hasa aliyekuwa akivunja mashambulizi katikati.

Kucheza kumi kwa dakika arobaini na tano na zaidi kunawezekana, na Yanga walionesha hivyo kwa muda mrefu. Walijibana, wakafunga njia za katikati. Gharama ya kumi haionekani mpira unapotembea, inaonekana kwenye kona. Timu iliyotimia huacha mtu mmoja au wawili mbele wakati wa kona ya mpinzani, na hao huwalazimisha mabeki wawili au watatu wa upande wa pili kubaki nyuma kuwalinda. Timu ya watu kumi hurudisha wote. Sasa mpinzani hana wa kumlinda, naye analeta watu wengi zaidi ndani ya boksi. Mabeki wanashika wale warefu wanaojulikana, na anayekuja kwa kuchelewa kutoka nje ya boksi anakuja bila mtu.

Zikiwa zimebaki dakika kama kumi, Miquissone alipiga kona, na Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji kutoka Uganda ambaye kazi yake si kufunga, akaruka na kuupiga kichwa. 1-0. Ikaisha hivyo. Simba wakachukua ligi na kombe kwa msimu wa pili mfululizo, na zile dakika 40 za ziada za jua hazikuhitajika.

Anayesema Yanga walifungwa na kadi anasema nusu ya ukweli. Walikuwa wameistahimili kadi kwa sehemu kubwa ya kipindi cha pili. Walifungwa na kona moja.

Jumatatu, 26 Julai. Kuanza kurudi

Dereva alale usiku wa Jumapili. Hili lisijadiliwe. Ajali za mashabiki huwa nyingi kwenye kurudi, timu ikishinda kwa sababu ya kukesha kushangilia, ikifungwa kwa sababu kila mtu anataka kuondoka palepale.

Aliyechoka na vumbi ana reli. Stesheni ya Kigoma ndiyo mwisho wenyewe, reli ya kipimo cha mita moja iliyofika hapa mwaka 1914, na kutoka hapa hadi Dar ni usiku mbili kama treni haikuchelewa. Daraja la pili kulala hujaa mapema wiki kama hii, kwa hiyo tiketi ya kurudi inunuliwe Jumamosi, siku ile ile ya kufika. Beba shuka zito kwa ajili ya usiku wa Tabora na Itigi. Vyakula vinauzwa kila stesheni dirishani, sarafu na noti ndogo ziwe tayari.

Kwa wa Coaster, njia ni ileile, vioo vya nyuma vifungwe, na tairi za nyuma zichunguliwe.

Zawadi ya kombe hili ni safari nyingine: bingwa wake huingia Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini Simba walikuwa tayari Ligi ya Mabingwa, na Yanga vilevile, kwa kuwa Tanzania ilipewa nafasi nne. Nafasi za Shirikisho Afrika zikashuka kwa Azam na kwa wa nne wa ligi, Biashara United, walewale waliotolewa Tabora. Waliitoa Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba 2021 wakaifunga Ahli Tripoli 2-0 mechi ya kwanza Dar es Salaam. Mechi ya marudiano ilikuwa Libya. Timu haikufika, na Ahli wakasonga mbele.